Mwenyekiti Aliyekataa Kuongeza Makaburi

Mwenyekiti wetu alikuwa hakosi msiba. Akisikia kuna matanga Chaani, Port Reitz au hata kule Kisauni, atajifunga leso, atatia kinasa sauti chake kidogo ndani ya pochi, na atafika kabla viti vya kukodi havijashushwa. Ataomboleza kama watu wanavyoomboleza. Ataimba, ingawa sauti yake haikuwa ya kuimbia. Kisha, watu wakishakula, utamwona amevuta kiti karibu na mkongwe wa nyumba ile, anamwuliza taratibu, "Na wewe, kazi yako ya kwanza hapa Mombasa ilikuwa ipi?"

Vijana wa mtaani walimtania kwamba akikujia na kile kidude chake, ujue zamu yako imekaribia. Alikuwa anayasikia, na alikuwa akicheka.

"Mie nawahi tu," alisema. "Wazee wetu wanaondoka bila kuaga, tena wanaondoka na vitu vyangu."

Vitu vyake, ndivyo alivyoviita. Visima vilivyofukiwa, kumbi za dansi zilizogeuka makanisa, njia za miguu ambazo sasa zimelala chini ya lami, mpishi fulani wa kantini ambaye wali wake ulikuwa ukisifiwa mpaka ng'ambo ya kivuko. Yote hayo aliyaona kama mali yake iliyotawanyika katika vichwa vya watu, naye kazi yake ni kupita akiikusanya.

Chama chetu cha historia ya mtaa kilikuwa kidogo. Tulikutana Jumamosi alasiri katika ukumbi wa kanisa, kwaya ikishamaliza mazoezi, na ilitubidi tuwe tumeondoka kabla ya kikundi cha akina mama kuingia. Hatukuwa na ofisi wala kabati. Tulikuwa na meza moja yenye mguu mbovu, na tulikuwa na Mwenyekiti. Kabla ya kustaafu alikuwa opereta wa simu katika ofisi moja ya mizigo ya bandarini, na aliamini kwamba miaka ile ya kuunganisha sauti za watu ilimfundisha kumtambua mwongo kwa namna anavyovuta pumzi. Sijui kama ni kweli. Ninachojua ni kwamba mbele yake watu walikuwa wakianza kudanganya, wanasita, halafu wanarudi nyuma wenyewe.

Kuhusu lile swali lake la kazi ya kwanza, siku moja nilimwuliza kwa nini haanzi na mahali mtu alipozaliwa, kama wengine wanavyofanya.

"Ukimwuliza mtu alizaliwa wapi," akanijibu, "anakupa mstari mmoja kama yuko polisi. Mwulize kazi ya kwanza. Ataleta mwenyewe chumba alichopanga, aliyempikia, na aliyemdhulumu."

Mimi nina studio ndogo ya picha pale Chaani. Napiga picha za pasipoti, za harusi, na za watoto wanaomaliza chekechea wakiwa wamevishwa majoho. Mwenyekiti aliingia studioni siku moja, miaka mingi sasa, akiwa na picha ya zamani iliyochanwa katikati. Kipande kilichobaki kilimwonyesha bibi harusi, na begani kwake mkono wa mwanamume ambaye mwili wake haupo. Jamaa waliomwazima ile picha walikuwa wameomba kitu kimoja: mkono ule ufutwe.

Nilimwambia ni kazi rahisi. Kwa kompyuta, mkono unaondoka, bega linajazwa, na hakuna atakayejua.

"Hapana," akasema. "Usimrudishe bwana, na usimfute. Nakili kama ilivyo. Nataka paonekane palipochanwa."

"Na wenyewe wakiuliza?"

"Nitawaambia mwenye kumchana alikuwa mama yao, si mimi. Kama mama alitaka mkono nao uondoke, angechana zaidi."

Tangu siku ile akawa ananiita Bwana Picha, nami nikawa mwanachama bila kuulizwa kama nataka.

Asidhani mtu kwamba alikuwa mtakatifu. Sokoni alipatana bei ya nyanya kama mtu anayegombania urithi. Alikuwa na hasira za ghafla, hasa kwa mtu anayeingilia mzee akiwa katikati ya maneno. Aliweza kukutajia nani alipanga nyumba ipi kabla haijabomolewa, na wakati huohuo maharagwe yake yanaungua jikoni. Miwani yake tuliitafuta kila Jumamosi, na mara nyingi ilikuwa kichwani mwake. Tena mtu huyu aliyenikusanyia mamia ya sura za watu nizinakili, yeye mwenyewe hakutaka kupigwa picha. Nikiinua kamera, anageuka na kuanza kupanga viti. Katika picha zote za chama nilizonazo, Mwenyekiti ni mgongo na leso.

Subira pia ilikuwa inamjia inapotaka. Tulikwenda wakati mmoja Ziwa la Ng'ombe, chama kizima, kwa sababu alitaka kusikia wenyeji wenyewe wakieleza jina la mtaa wao. Tuliwekwa barazani kwa wazee wawili, majirani, marafiki wa tangu ujana. Wa kwanza akasema palikuwa na bwawa kweli, na ng'ombe walikuja kunywa hapo, yeye mwenyewe amewachunga. Wa pili akaguna.

"Bwawa gani? Lile lilikuwa tope la mvua. Ng'ombe walikuwa wanakwama, si wanakunywa."

"Wallahi, huyu anasahau," wa kwanza akatuambia. "Alikuwa mtoto."

"Mtoto mimi? Mimi ndimi niliyekuvuta wewe na ng'ombe wako kwenye hilo tope!"

Wakaondoka barazani wamenuniana, na chai ikaachwa inapoa. Mmoja wetu akamwuliza Mwenyekiti tushike lipi.

"Yote mawili," akasema, akizima kinasa sauti. Alikuwa amefurahi kama mtu aliyelipwa. "Mie si hakimu. Kama kulikuwa na bwawa kiangazi na tope masika, hawa wote wanasema kweli, na wasipopatana kabla ya magharibi ni juu yao."

Walipatana. Tulipokuwa tunaondoka walikuwa wameanza kutucheka sisi.

Kuna jambo moja lililomchukua muda kulijua, nami nilikuwepo siku alipolijua. Katika miaka ya mwanzo ya chama, mtu mpya akiingia ukumbini Mwenyekiti alikuwa akimwuliza, "Mwenyeji au mgeni?" Hakuwa na chuki. Jamaa zake wametoka huku nyuma ya pwani, vijiji vya minazi na mihogo, na alikuwa amekua akiona watu wa bara wakija na kazi za bandari na reli, wakijaza nyumba za kupanga. Aliona historia ya huku kwetu Changamwe ni ya wale waliokuwepo kabla. Wenyeji wakaketi upande wa dirishani, wageni upande wa mlango. Wenyeji waliulizwa maswali, wageni walikaribishwa kusikiliza.

Jumamosi moja akaingia mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli, Mjaluo, mrefu, amevaa koti licha ya joto. Mwenyekiti akamsalimu vizuri, kisha akamwuliza swali lake.

Mzee wa Reli hakuketi. "Mama," akasema, kwa Kiswahili chake cha polepole, "mimi nimezika watoto wawili katika ardhi hii. Mke wangu pia yuko hapa. Kule nilikotoka nikienda wananiita mtu wa Mombasa. Sasa wewe niambie, nikae upande gani?"

Mwenyekiti akainuka, akashika kiti cha kwanza cha upande wa mlango, akakiburura mpaka katikati. Akarudi akachukua cha pili. Tulipoelewa anafanya nini tukainuka tukamsaidia, na tukapanga duara. Hakutoa hotuba. Alimwonyesha Mzee wa Reli kiti kilicho kando yake, akawasha kinasa sauti, akasema, "Haya baba, kazi yako ya kwanza?"

Swali lile la mwenyeji au mgeni sikulisikia tena kinywani mwake. Mzee wa Reli akawa makamu wake mpaka alipofariki, na msibani kwake Mwenyekiti aliimba vibaya kuliko siku zote, kwa sababu alikuwa analia.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo watu wa Chaani wanalikumbuka hata wakisahau mengine yote.

Tulikuwa na uwanja. Haukuwa uwanja wa maana kwa mtu wa kupita: vumbi kiangazi, matope masika, magoli ya vyuma vya kuokota. Lakini kila mtoto wa mtaa ule alijifunzia mpira pale, na Jumapili jioni ndipo watu walipokutana. Katika pembe moja ya uwanja palikuwa na makaburi ya zamani, chini ya miarobaini. Mengine yana misalaba ya saruji, mengine ni mawe tu. Ikaja kampuni moja, ikiwa na karatasi zake, ikataka eneo lote liwe yadi ya makontena.

Watu wakaunda kamati, na mbele ya kamati akawa Kocha. Huyu alikuwa fundi wa breki za malori, mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa. Jioni zake zote alizitumia kuwafundisha watoto wa wengine mpira. Kocha alikuwa amefikiri sana. Alijua kwamba uwanja wa vumbi hauna wa kuutetea serikalini, lakini makaburi hakuna anayethubutu kuyagusa ovyo. Basi kamati ikakubaliana kusema kwamba eneo zima ni makaburi, kutoka miarobaini mpaka barabarani, na kwamba watoto wanacheza juu ya wazee wao kwa kutojua.

Kilichobaki ni neno la chama cha historia. Kocha akaja studio kwangu, tukaenda pamoja nyumbani kwa Mwenyekiti. Alitukaribisha kwa mahamri na chai ya tangawizi. Akamsikiliza Kocha mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mwanangu," akasema kisha, "nimewarekodi watu waliochimba yale makaburi. Wote wamesema neno moja. Yanaishia kwenye mwarobaini mkubwa. Kutoka hapo palikuwa shamba la mihogo."

"Najua, mama. Hatukuombi useme uongo. Tunakuomba usiseme tu."

"Na nikiulizwa?"

"Useme hujui."

"Lakini najua."

Kocha akaweka kikombe chini. "Mama, unataka watoto wakacheze wapi? Barabarani, na malori yale?"

Hapo nilimwona Mwenyekiti akiumia. "Mwanangu wa kiume amekulia uwanja ule," akasema. "Jino lake la mbele liko pale mpaka leo. Mimi nautaka uwanja kuliko unavyodhani. Twende tukaseme kweli yake: kwamba ni wa watu, wameutumia maisha yao yote, na hawana mwingine. Nitaleta mashahidi. Nitaleta picha. Huyu hapa Bwana Picha atazikuza."

"Kweli hiyo haitashinda."

"Huenda isishinde," alikubali.

Kocha aliondoka bila kumaliza chai. Mimi nilibaki kidogo, nikamwambia kwamba pengine si lazima aende kwenye kikao. Angeweza kuwa na homa siku hiyo, hata goti lingeweza kumsumbua.

"Goti linanisumbua kila siku," akasema, "na kila siku natoka."

Kikao kilifanyika palepale uwanjani, chini ya mahema. Walikuja maafisa wa ardhi, wakaja watu wa kampuni na mashati yao meupe, na Chaani nzima ikamwagika. Kocha alisema vizuri, na watu wakampigia makofi. Akina mama wawili watatu wakasimama wakasema wazee wao wamelala huku na kule uwanjani. Ndipo yule afisa aliyeongoza kikao akauliza kama yupo mtu wa chama cha historia, kwa kuwa aliambiwa kipo.

Mwenyekiti akasimama. Nilikuwa nimeketi kando yake, na niliona mkono wake ukiishika leso kwa nguvu.

"Mama, makaburi yanafika wapi?"

"Yanaishia kwenye mwarobaini ule mkubwa," akasema. Watu wakaanza kuguna, naye akapandisha sauti. "Sijamaliza! Baada ya hapo palikuwa na mihogo. Na baada ya mihogo ni watoto wetu, tangu mimi sijaota mvi. Hawa nao ni watu. Mkiuchukua uwanja, semeni mmeuchukua kwa walio hai. Msiandike kwamba mlikuta patupu."

Maneno ya mwisho nadhani wachache waliyasikia, maana kelele zilikuwa zimepanda. Kocha alikuwa amesimama juu ya kiti. "Umetuuza!" alipiga kelele. "Mama, umetuuza!" Mtu akarusha chupa ya maji, haikumpata. Mzee wa Reli, ambaye wakati huo alikuwa bado hai, alimshika mkono Mwenyekiti, tukamtoa kwa nyuma ya hema.

Uwanja ulikwenda. Pembe ya makaburi ilibaki, na kampuni ikaamriwa kuizungushia ukuta na kuacha lango kwa ajili ya jamaa. Kabla ya kujenga, maafisa walileta watu wakachimba mashimo ya kupima huku na huku uwanjani, wasipate mfupa hata mmoja. Baadhi yetu tukamwendea Mwenyekiti tukiwa na hilo kama zawadi. Tukamwambia, unaona, uongo ungegunduliwa, na pengine hata ile pembe tungeipoteza.

Hakuipokea. "Sikusema kwa sababu ingetufaa," akatujibu. "Msinipe heshima ya ujanja. Nilisema kwa sababu niliulizwa."

Mimi siku ile ya kikao nilidhani amekosea. Hata leo kuna asubuhi napita kando ya ule ukuta, nasikia kreni zikishusha makontena pale palipokuwa na goli, na nadhani hivyo tena. Halafu nafika studio, nakuta mtu amenisubiri na picha ya marehemu baba yake, ananiambia, "Nimeambiwa niilete kwenu kwa sababu nyinyi hamuongezi wala hampunguzi," nami naipokea.

Mwaka ule ulikuwa mgumu kwake. Jumamosi tukawa watu wanne katika duara la viti vingi. Kuna mtu aliandika kwa mkaa kwenye ukuta wa ukumbi, kwa herufi kubwa, MSALITI. Tulipofika na kuliona neno lile, mmoja wetu alikimbilia ndoo. Mwenyekiti akamzuia.

"Ngoja kwanza. Bwana Picha, una kamera? Ipige."

"Mwenyekiti, hii?"

"Hiyo nayo ni historia ya Chaani. Ipige vizuri, herufi zote zitokee."

Niliipiga. Kisha akajifunga leso kiunoni akausugua ukuta mwenyewe, kwa sabuni na brashi, mpaka mkaa ukatoka.

Tulidhani ana moyo wa chuma. Lakini siku moja aliingia studio akiwa na kikapu kitupu, akaketi kwenye kile kistuli cha wateja. Nilimwuliza kulikoni.

"Mama wa nyanya, kule sokoni," akasema. "Nimemsalimu, hakuniitikia. Miaka yote ile ya kuvutana bei, leo hakunitazama." Nikamfungia mlango wa studio ili wateja wasiingie, nikamletea maji. Aliyanywa, akajifuta uso, akaenda zake nyumbani bila nyanya.

Kocha alirudi baada ya miaka kadhaa. Alinikuta tena studio, amepungua mwili kidogo, anazungusha kofia mikononi. Timu yake sasa ilikuwa inafanya mazoezi kwenye uwanja mwingine, upande wa Port Reitz, na safari hii alikuwa amejitokeza mtu mmoja anadai uwanja ule ni shamba la familia yake ambalo halijawahi kutumiwa na mtu.

"Nisindikize kwa mama," akaniambia. "Peke yangu siwezi."

Mwenyekiti alifungua mlango, akamtazama.

"Shikamoo, mama," Kocha akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Marahaba. Ingieni. Mmekula?"

Ndivyo ilivyokuwa. Hakumdai neno lolote. Akasikiliza, kisha akauliza, "Na safari hii mnataka niseme nini?"

"Useme unachokijua, mama."

"Pale sipajui," akasema. "Itabidi tupatafute."

Tulipatafuta kwa miezi. Alipanda na kushuka na lile goti lake, akaketi na wauguzi waliostaafu wa hospitali ya jirani, na madereva, na mama mmoja aliyekuwa akiuza machungwa kando ya uwanja ule tangu usichana wake. Na mimi nikapekua masanduku ya negativu za filamu niliyorithi kwa mwenye studio wa kwanza, nikapata timu baada ya timu zimepiga picha pale, soksi zimevutwa mpaka magotini, nyuma yao mti uleule na jengo lilelile. Siku ya kikao Kocha hakupanda juu ya kiti. Mwenyekiti alisema anachokijua, na pale asipojua akasema hajui, mara mbili.

Afisa aliyekuwa akiongoza alikuwa yuleyule wa Chaani, sasa ana mvi. Alimgeukia wakili wa yule mdai, akamwambia, "Mama huyu nilimsikia siku alipowaumiza watu wake mwenyewe kwa kusema kweli. Ukitaka kunionyesha kwamba leo anadanganya, lete kitu kizito." Wakili hakuwa nacho. Uwanja ule ukaachiwa wakazi, na mpaka leo ukipita jioni utawakuta watoto.

Kocha hakuomba msamaha hata siku moja, mimi sikumsikia. Ila Jumamosi iliyofuata alikuja ukumbini mapema, akapanga viti vyote mwenyewe, akaketi. Wiki iliyofuata akaja na msumari na nyundo, akautengeneza mguu wa meza. Mama wa nyanya naye alirudi kwa njia yake: alianza kumpigia kelele Mwenyekiti kutoka mbali kwamba leo bei haipungui hata akipiga magoti.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona. Goti limemshinda, na binti yake amemhamishia kwake Port Reitz, katika nyumba za ghorofa zilizojengwa juzi juzi, ambako wapangaji wengi ni vijana wa uwanja wa ndege na wa bandarini, watu waliokuja kutoka kila pembe ya nchi na wasiojuana hata majina. Njiani nilikuwa na huzuni. Nilijiuliza atakuwa anafanya nini huko juu, mtu aliyezoea kutembea mtaa mzima, sasa anatazama kuta ngeni.

Nilimkuta ameketi mlangoni, kwenye ukumbi mwembamba wa ngazi, kiti chake kimezuia nusu ya njia. Kwa namna hiyo, hakuna mpangaji aliyeweza kupanda au kushuka bila kumwamkia. Mbele yake, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikuwa ameketi mama mmoja kijana amempakata mtoto. Mumewe, nilijua baadaye, anafanya kazi ya kupakia mizigo uwanja wa ndege, nao wametoka magharibi, upande wa Kakamega.

"Lakini shosho," yule mama alikuwa akisema, anacheka kwa haya, "mimi niko hapa mwezi mmoja tu. Sina historia."

"Hakuna asiye nayo," Mwenyekiti akamwambia. "Siku ile mliposhuka na mizigo, jua kali, mtoto analia, hamjui mtu. Nani aliyewaonyesha maji yako wapi?"

Yule mama akafikiri. Kicheko kikamtoka usoni. "Kuna mama mmoja wa huko chini," akasema. "Simjui jina. Alinichotea mtungi mzima, akambeba mtoto mpaka nikamaliza kupandisha vitu. Nilipokwenda kumshukuru kesho yake nikaambiwa wamehama." Akamfunika mtoto miguu. "Sijamwambia mtu hayo. Hakuna aliyeniuliza."

Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi, mfuko wa machungwa mkononi, nikataka kutoa salamu. Mwenyekiti aliniona. Aliinua kidole kimoja nisiseme, macho yake bado kwa yule mama.

"Alikuwa amevaa nini?" akamwuliza. "Polepole. Anza tena hapo mliposhuka."

Nikaketi kwenye ngazi nikangoja.